Ngozi ya Kufuma: Juu ya Sare za Heshima na Neno "Bandia"

Katika mabishano yanayoendelea siku hizi juu ya ngozi za wanyama katika mavazi ya heshima ya askari, lugha yetu imekwisha kutoa hukumu kabla mashahidi hawajasikilizwa. Kitu kilichofumwa kwa nyuzi ili kifanane na ngozi ya chui twakiita "ngozi bandia". Na neno bandia, kama ajuavyo kila msomaji, huandamana na noti, hati, vyeti na dawa. Tena neno lilo hilo, kwa watoto wa pwani, ni jina la mwanasesere. Basi yule aivaaye ngozi hiyo hana ila mambo mawili: ama ni mwongo, ama ni mtoto achezaye. Jambo la tatu hatukumwachia.

Nia yangu katika kurasa hizi ni kulichunguza neno hilo, na kuuliza kama lafaa kubebeshwa kazi hii. Nitaanza London, ambako ubishi umekuwa mkali kuliko kwingine, lakini sitakaa huko sana. Ushahidi ninaouona kuwa mzito uko kwetu, katika milima ya Kingerikiti na mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, katika ngoma iitwayo mganda.

Habari ya London ni hii. Askari walinzi wa mfalme wa Uingereza huvaa katika gwaride kofia ndefu nyeusi zilizotengenezwa kwa ngozi ya dubu weusi wa Kanada. Watetezi wa wanyama wamedai kwa miaka mingi kofia hizo zifanywe kwa manyoya ya kutengenezwa, na mnamo Julai 2022 jambo hilo lilijadiliwa Bungeni baada ya watu zaidi ya 100,000 kutia sahihi ombi lao. Wizara ya Ulinzi ilijibu kwamba manyoya yaliyopendekezwa yalijaribiwa kwa vipimo vitano, nayo yakafaulu kimoja tu. Wakati huohuo bei ya kofia moja ya dubu ilipanda kutoka paundi 1,560 mwaka 2022 hadi paundi 2,040 mwaka 2023. Mabishano hayo yote yamekuwa ya mvua na fedha: maji huingia kiasi gani, umbo hudumu muda gani, hazina ya taifa hulipa nini. Aliye mwanafunzi wa fasihi hawezi kuridhika na mazungumzo ya namna hiyo, kwa maana swali la maana halikuulizwa na upande wo wote. Kofia ile yasema nini?

Historia yatujibu, na jibu lenyewe lachekesha kidogo. Kikosi cha kwanza cha walinzi hao kilipewa kofia ya dubu baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, kwa ukumbusho wa kuwashinda walinzi wa Napoleon, ambao ndio waliokuwa wakizivaa. Maana yake, basi, yatoka kwa adui aliyeshindwa. Dubu wa Kanada hakuwako Waterloo, wala hakuna Mwingereza wala Mfaransa aliyepata utukufu kwa kupambana naye. Kofia ni nakala ya kofia. Ukibadili manyoya yake hukugusa kile kinachokumbukwa.

Chui ametumikishwa vivyo hivyo. Katika bendi za jeshi la Kiingereza mpiga ngoma kubwa hutupia kifuani ngozi ya chui. Sababu itajwayo kwa kawaida ni ya kazi: ngozi hukinga koti lisichakazwe na ngoma, na ngoma isikwaruzwe na vifungo vya koti. Lakini kwa kukinga koti ngozi ya ng'ombe ingetosha. Wanahistoria wengi huihusisha desturi hiyo na karne ya 18, wakati vikosi vya Ulaya vilipokuwa na shauku ya muziki wa Kituruki, na vikaajiri wapiga ngoma weusi na kuwavika mavazi ya kigeni yaliyotiwa chumvi, ili watazamaji wapate kustaajabu. Ngozi ile ilikuwa Afrika ya kubuni, Afrika ya jukwaani, iliyoshonwa na washonaji wa Ulaya. Baadaye, kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902 na bendi zikaanza kusikika Nairobi, Zomba na Dar es Salaam, Mwafrika akaiona mila hiyo ya bendi imevuka bahari na kurudi kwake kama amri ya kizungu. Sijui kama kuna kitu kiwezacho kuitwa bandia zaidi ya hicho; na hata hivyo chui wenyewe walikuwa wa kweli, na walikufa kweli.

Hapa yafaa tulitazame neno jingine, neno sare. Asemaye sare asema ulingano. Timu mbili zikitoka sare zimelingana. Watu wakivaa sare hawatofautiani. Uzuri wa gwaride ni kwamba jicho hushindwa kumtenga mmoja na mwenziwe. Lakini madoa ya chui hayalingani na ya chui mwingine. Kila ngozi ina maandishi yake, na watafiti wa wanyama huwatambua chui mmoja mmoja katika picha kwa madoa hayo. Basi ngozi ya kweli ni kitu kisichoweza kuwa sare. Kitambaa kilichochapwa madoa kiwandani ndicho kiwezacho. Sisemi kwamba hoja hii inamaliza ubishi. Nasema tu kwamba lugha yetu, iliyoihukumu ngozi ya kufuma kwa neno bandia, yaitetea kwa neno sare, na wabishi hawakusikia.

Sasa tupande Kingerikiti. Kata hii imo katika Wilaya ya Nyasa, ambayo ilikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, katika nchi ya milima inayotazama ziwa. Ni nchi iliyoonja vita vya wageni mapema sana. Mnamo Agosti 1914, huko Liuli ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Hayo yalikuwa katika mapambano ya kwanza kabisa ya majini ya vita ile kuu. Wanaume wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Waliorejea walikuja na gwaride miguuni mwao.

Kutokana na gwaride hilo zilizaliwa ngoma za jamii moja: beni huku pwani na mijini, malipenga upande wa Malawi, mganda kwa Wanyasa na majirani zao. Wachezaji hupanga mistari kama askari, hugeuka kwa pamoja, husimama kwa amri. Huvaa mashati meupe, suruali au kaptula zilizopigwa pasi, soksi ndefu. Wana vyeo: Kingi, Kapteni, Sajenti, Daktari. Wako washikao fimbo, na wako washikao usinga. Katikati pana ngoma kubwa iliyowambwa ngozi pande mbili, ambayo ni ngoma ya bendi kwa umbo na kwa mlio. Na juu ya yote ni lile lipenga, ambalo ningependa msomaji alitafakari kwa makini.

Lipenga ni kibuyu. Hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hakipulizi kama baragumu. Huimba ndani yake, na ule utando hutetemeka na kuitia sauti mkwaruzo unaomfanya msikilizaji aliye mbali adhani ni shaba. Hawa walikuwa watu waliosikia tarumbeta za jeshi na hawakuwa na tarumbeta. Walitazama shambani, wakatazama penye kona ya nyumba panapokaa buibui, na bendi ikakamilika.

Wako waliouona uigaji huu kuwa ni watu kujipamba kwa mambo ya mabwana zao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha vingine: vyama hivi vilikuwa mahali pa kushindania heshima, kusaidiana, kupangana vyeo ambavyo serikali ya kikoloni haikuvitoa, na mara nyingine kuwacheka hao hao waliokuwa wakiigwa. Mimi naongeza jambo la lugha. Kibuyu kile hakuna aliyekiita "tarumbeta bandia". Kilipewa jina lake, na kwa jina hilo kikawa kitu chake chenyewe, chenye mafundi wake, wenye kujua kibuyu kipi kinafaa na utando upi ni mwembamba mno. Leo ukimletea mcheza malipenga tarumbeta ya shaba hukumletea kile "cha kweli". Umemletea chombo kingine. Nakala ilipata jina, na kwa kupata jina ikaacha kuwa nakala.

Naweka hapa kiini cha hoja yangu: kosa la ngozi ya kufuma ni kwamba mpaka leo haina jina. Yaitwa kwa kile isichokuwa.

Lakini haki yataka tuwasikilize wapinzani katika hoja yao iliyo bora, wala si katika ile iliyo nyepesi. Hoja nyepesi ni kwamba mila haibadiliki. Hiyo tuiache, kwa maana mtu wa Kingerikiti achezaye mganda aijibu kwa miguu. Hoja bora ni hii. Katika ushairi twatenganisha tashibiha na ile tamathali ambamo sehemu ya kitu husimama kwa niaba ya kitu kizima. Nikisema shujaa ni kama chui, nimefananisha. Lakini shujaa akiwa amevaa ngozi ya chui, hapo hakuna "kama". Mnyama mwenyewe yupo, sehemu yake imebaki, na nguvu iliyokuwa ndani ya ngozi ile yadhaniwa haikuondoka yote. Mvaaji na mnyama wamegusana. Kitambaa cha madoa chavunja mgusano huo na kumrudisha mvaaji kwenye tashibiha. Huo ni upungufu wa kweli, na wanaotangaza vitambaa hivyo kama kwamba hakuna kilichopotea hawakuelewa kile wanachokibadilisha.

Tuikubali hoja hiyo, kisha tuulize: mgusano huo uko kwa nani? Uko kwa aliyepambana na chui, au kwa yule ambaye jamii yake ilimpa haki ya kumvaa. Hauko kwa aliyenunua ngozi kwa mchuuzi. Wahenga wetu wasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ngozi iliyonunuliwa kwa siri, kutoka kwa mtu aliyetega waya usiku katika pori la wengine, ni ya kuazima kwa maana mbaya kabisa, kwa kuwa mwenyewe hakuazimisha. Kiswahili tena kina usemi kamili juu ya heshima isiyo na msingi: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Tazama ni wapi usemi huo unapoweka lawama. Ukoka hauna kosa lo lote. Ni majani mazuri yafaayo mbuzi. Uongo umo katika kuvika, katika sifa zisizostahili. Mtu asiyestahili akivikwa kilemba cha hariri tupu, bado ni kilemba cha ukoka.

Hapa katika Mkoa wa Ruvuma jambo hili si la nadharia. Kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa vita vya Majimaji, ambao zaidi ya sitini kati yao walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Vikundi vya ngoma huja, na ngozi za wanyama huvaliwa, kwa sababu Wangoni ni watu ambao vazi la vita kwao lilikuwa ngozi na ngao. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, nayo yamtaka mwenye ngozi ya chui awe na hati. Mzee aliyeachiwa ngozi na babu yake, bila karatasi yo yote, anaposafiri nayo kwenda kuwakumbuka wazee wake hujiweka katika hatari ya kushitakiwa.

Na lugha ya jambo hilo ni ya ajabu. Ngozi, pembe na meno ya wanyama pori huitwa kwa Kiswahili cha ofisini "nyara za serikali". Nyara ni mali itekwayo vitani. Hapo kale shujaa aliyerudi na ngozi ndiye aliyekuwa na nyara; sasa nyara ni za serikali, na aliye nayo bila idhini ndiye kama mtekaji. Aliyelichagua neno hilo kwa kutafsiri lugha ya kisheria huenda hakukusudia lo lote, lakini alisema kweli kubwa kuliko alivyodhani: dola imechukua mahali pa shujaa. Haki ya kumvaa chui, ambayo ilikuwa ya mtemi na ya aliyeidhinishwa naye, imehamia kwa mwenye kutoa vibali. Sioni kwamba hilo ni baya, kwa maana chui hawezi kuvumilia mashujaa wengi kama tulivyo leo. Lakini anayetaka wazee waache ngozi zao ajue kwamba anawaomba watoe nyara, si nguo. Na ombi la namna hiyo lina adabu yake.

Adabu hiyo imewahi kufuatwa mahali pawili, nami navitaja kwa sababu kimoja ni ndugu wa jambo letu. Wangoni wa Ruvuma ni uzao wa watu waliotoka kusini, katika nchi zilizo karibu na Wazulu, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Huko kusini walikotoka, waumini wa kanisa lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwaka 1910 hucheza ngoma ya ibada wakiwa na ngozi za chui mabegani. Kuanzia mwaka 2013 shirika la Panthera, likishirikiana na viongozi wa kanisa hilo, liliwapa waumini vitambaa vilivyofumwa kwa mfano wa ngozi hiyo, na idadi yake imepita 15,000. Miaka michache baadaye kazi kama hiyo ilifanyika kwa Walozi wa Zambia, ambao wapiga makasia wa mashua ya Litunga katika sherehe ya Kuomboka huvaa kwa desturi ngozi za chui na za wanyama wadogo wenye madoa, pamoja na kofia za manyoya ya shingo ya simba. Pande zote mbili walioanza kuombwa ni wenye haki ya kuvika: kanisa kwa upande mmoja, nyumba ya kifalme kwa upande wa pili. Kitambaa kilipopita mikononi mwao kilipata kile ambacho kiwanda hakiwezi kukitia.

Hata hivyo nina shaka na ufundi wa kufananisha mno. Kitambaa kikilingana na ngozi hata askari wa wanyamapori asitambue, kitakuwa maficho mazuri ya ngozi za kweli, na mwuzaji wa magendo atasema kila alicho nacho ni cha kufuma. Tena watoto watakua wakiitamani ile ambayo hii yaiiga. Mimi ningependelea kitambaa kisichoficha mshono wake: madoa yawepo, lakini upindo uonekane, au rangi ya jamii inayokivaa itiwe pembeni, kama lipenga lisivyojaribu kung'aa kama shaba. Pia nyuzi hizi kwa kawaida ni za plastiki, na kila zifuliwapo huacha vipande vidogo majini. Kwa watu wanaofua ziwani na kula samaki wa ziwa lilo hilo, hilo si jambo la kupuuzwa. Pamba iliyotiwa rangi, sioni kwa nini isitoshe. Ngozi ya babu nayo isichomwe wala isiuzwe. Ipate hati, ikae, na izeeke kama mwenyewe alivyozeeka.

Atauliza mtu kama vazi lililofumwa laweza kubeba uzito wa kumbukumbu ya watu walionyongwa. Wanafunzi wetu wamekwisha kulijibu swali hilo bila kulijua, kila walipoigiza *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotolewa mwaka 1969. Hakuna mtazamaji aliyewahi kudai kwamba maji yaliyomo katika chombo pale jukwaani yatoke Rufiji. Pengine chombo ni kitupu. Na watu hunyamaza kimya, kwa sababu wajua ni maji gani yanayosemwa, na damu ya nani iliyomwagika kwa ajili yake. Atakayesema jukwaa ni jukwaa na sherehe ni sherehe, nitamwuliza gwaride ni lipi kati ya hayo mawili.

Naongeza jambo moja ambalo wabishi wa London hawalitaji. Tangu katikati ya miaka ya 1950 viwanda vilianza kutengeneza nyuso za ngoma kwa plastiki, na bendi nyingi duniani, za jeshi na za raia, ziliiacha ngozi ya ndama kwa kuwa ililegea kwa mvua na kukaza kwa jua. Ngoma, ambayo sauti yake yote ilikuwa katika ngozi, iliachishwa ngozi bila mtu kulia. Mpiga ngoma, ambaye hakuihitaji, akaendelea kuivaa. Katika mganda wa Kingerikiti mambo yamekaa kinyume: mchezaji amevaa shati la pamba, na ngozi iko pale inapolia, ngozi ya mnyama wa kufugwa aliyeliwa na waliomfuga, ikawambwa ingali maji.